Je, Wajua? Jeki Zinazookoa Jokofu
Jeki za kusawazisha, yaani miguu inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo na iliyofungwa kwenye chesisi ya gari-nyumba, huliokoa jokofu kabla ya kuuokoa usingizi wa abiria. Jokofu la gesi, lililobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, halina pampu: amonia huchemshwa kwa moto, na mvuke wake ukishapoa huteremka wenyewe. Gari likiinama kwa muda mrefu, majimaji hutuama na mabomba huungua ndani hadi kuziba, tena kwa kawaida hayazibuki. La hatari zaidi, jeki zikiyanyanyua magurudumu ya nyuma, breki ya maegesho, ambayo aghalabu hukamata hayo tu, haizuii chochote.