Ndevu za Thor: Nafasi ya Nywele za Uso katika Uundaji wa Mhusika wa Kidijitali

Katika uundaji wa wahusika wa kidijitali wa vipimo vitatu, ndevu kwa kawaida huwekwa mwishoni. Msanii hufinyanga kichwa, huchonga mwili, huvisha nguo na silaha, kisha ndipo hutafuta nywele za kufunika kidevu, kama mshonaji anayetia vifungo baada ya kanzu kukamilika. Utaratibu huo hauna madhara makubwa kwa mhusika wa kawaida. Kwa Thor, mungu wa radi wa Waskandinavia wa kale, unadhoofisha kazi nzima, kwa kuwa katika matini zinazomtaja ndevu zake si pambo: hudhihirisha hasira yake na huvumisha upepo. Makala haya yanafafanua jinsi ushahidi huo unavyopaswa kuongoza hatua za kiufundi, kuanzia umbo la taya hadi rangi ya udevu mmoja mmoja. Hoja inayotetewa ni kwamba ndevu za mhusika huyu ziundwe mapema, zikichukuliwa kuwa kiungo cha mwili chenye mwendo wake.

Ushahidi wa matini na wa vitu

Vyanzo viwili vikuu vya visasili vya Skandinavia vinatoka Aisilandi: Edda ya nathari ya Snorri Sturluson, iliyotungwa mnamo 1220, na mashairi ya Edda yaliyohifadhiwa hasa katika hati iitwayo Codex Regius, iliyonakiliwa katika miaka ya 1270. Miongoni mwa mashairi hayo lipo Thrymskvida, ambalo huanza kwa Thor kuamka na kukuta nyundo yake, Mjölnir, imetoweka. Kabla hajatamka neno lolote, anatikisa ndevu na nywele zake huku akipapasa huku na huko. Hasira yake inafika kwenye ndevu kabla ya kufika kwenye ulimi. Baadaye analazimika kuvishwa shela la bibi harusi ili aikomboe nyundo kutoka kwa jitu lililoiiba, na kichekesho cha shairi kinategemea kwa kiasi kikubwa msikilizaji kukumbuka kilichofichwa chini ya ushungi huo.

Ushahidi wa pili una uzito zaidi kwa mtaalamu wa uhuishaji. Katika kisa kimoja kilichoingizwa ndani ya saga ndefu ya Mfalme Olaf Tryggvason, mtu aitwaye Raud, mwabudu wa Thor, anamwomba mungu wake avumishe sauti ya ndevu zake dhidi ya mfalme anayekuja na dini mpya. Thor anapuliza ndani ya ndevu, na upepo wa kukinzana na merikebu za mfalme unaanza. Adam wa Bremen, aliyeandika katika karne ya 11, naye anamtaja Thor kuwa mtawala wa radi na pepo pia. Kuhusu rangi, sagas kadhaa zinakubaliana: katika Saga ya Erik Mwekundu mhusika mmoja anamtaja Thor kwa sifa tu, mwenye ndevu nyekundu, na wasikilizaji wanatarajiwa kujua ni nani.

Kuna pia sanamu ndogo ya shaba nyeusi iliyopatikana Eyrarland, kaskazini mwa Aisilandi, ambayo hukadiriwa kuwa ya mnamo mwaka 1000. Ina urefu wa sentimita 6.7 tu. Inaonyesha mwanamume aliyeketi, mwenye kofia ya ncha, akishika kwa mikono miwili kitu kinachoungana na ndevu zake. Wengi wamekiona kitu hicho kuwa nyundo. Richard Perkins, katika utafiti wake wa mwaka 2001, alitoa hoja kwamba sanamu hii inamwonyesha Thor akipuliza ndevu zake ili kuamsha upepo. Mjadala haujafungwa, lakini kwa mchongaji wa kidijitali jambo moja ni wazi: aliyeitengeneza sanamu hiyo hakuona mpaka kati ya kinywa, ndevu na mikono. Vyote ni mstari mmoja wa nguvu.

Ndiyo sababu ndevu za mungu mmoja haziwezi kuhamishiwa kwa mwingine. Odin ana majina mengi, na baadhi yake, kama Sídskegg na Hárbard, yanataja ndevu ndefu na ndevu za mvi. Ndevu hizo huashiria umri na ujanja. Msanii anayechukua seti moja iliyo tayari na kuibadilisha rangi tu, nyeupe kwa Odin na nyekundu kwa Thor, amepata wazee wawili wa ukoo mmoja.

Tahadhari nyingine inahusu picha za karne mbili zilizopita. Kofia ya pembe ilienea kutokana na mavazi ambayo Carl Emil Doepler alibuni kwa ajili ya opera za Wagner huko Bayreuth mwaka 1876. Kofia ya chuma iliyofukuliwa Gjermundbu, Norwe, mwaka 1943 haina pembe. Thor wa vitabu vya katuni vya Marvel, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1962, hakuwa na ndevu na nywele zake zilikuwa za manjano. Mchezo wa God of War Ragnarök wa mwaka 2022 ulimrudishia ndevu nyekundu pamoja na tumbo kubwa, na baadhi ya wachezaji walishangaa, ingawa mlaji mkubwa na mnywaji wa mapipa ya pombe ndiye anayesimuliwa katika Thrymskvida. Hata dhana ya ndevu zilizovurugika haina msingi imara. Kichwa cha mwanamume kilichochongwa kwa pembe ya kongoni wa kaskazini na kupatikana Sigtuna, Uswidi, kina ndevu zilizochongoka na masharubu yaliyotunzwa, na vitana ni miongoni mwa vitu vinavyofukuliwa mara kwa mara katika makaburi ya zama hizo. Ndevu za Thor zinaweza kuwa nyingi bila kuwa chafu.

Udevu na ndevu

Kiswahili kinatofautisha udevu mmoja na ndevu kwa jumla, na tofauti hiyo ndiyo inayogawanya mbinu mbili kuu za kazi hii. Mbinu ya kwanza huanza na ndevu kwa jumla. Msanii hupanga vipande bapa vya poligoni, viitwavyo kadi za nywele, na kila kadi hubeba picha ya nyuzi nyingi zenye sehemu angavu kati yake. Kadi hupangwa kwa matabaka. Tabaka la ndani huwa zito na lenye giza, likizuia ngozi isionekane. La kati hubeba umbo. La nje huwa na kadi chache zenye nyuzi mbili tatu zilizotoroka kundini. Mwelekeo wa nyuso za kadi hunakiliwa kutoka umbo laini lililofichwa ndani. Bila hivyo kila kadi hupokea mwanga kivyake, na ndevu huonekana kama majani makavu ya mgomba.

Mbinu ya pili huanza na udevu. Katika programu kama Blender, msanii huotesha nyuzi chache za kuongoza juu ya ngozi, na kompyuta hujaza maelfu ya nyingine kati yake kwa kufuata urefu, msongamano na mafundo yaliyowekwa. Matokeo yake huwa na uhai zaidi, lakini gharama ya kuyakokotoa ni kubwa. Kwa filamu, ambapo picha moja inaweza kusubiriwa kwa saa nzima, mbinu hii haina mpinzani. Kwa mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 16.7 za kukamilisha kila kitu kilichomo katika fremu, na ndevu ni sehemu ndogo tu ya hicho kila kitu.

Vyovyote iwavyo, uelekeo wa uotaji hauepukiki. Masharubu huota kutoka chini ya pua kwenda pembeni, nywele za mashavuni hushuka, na za shingoni mara nyingi huenda upande au hata juu. Wanagenzi wengi huelekeza zote chini, na uso huonekana kama umevikwa kitambaa. Mzizi nao unahitaji kivuli kilichochorwa kwenye ngozi yenyewe, ili mpaka wa ndevu usiwe mkali kama ukingo wa mkeka.

Taya kabla ya ndevu

Kidevu kimepata jina lake kutokana na ndevu, lakini katika kazi hii kidevu hutangulia. Kichwa kichongwe kikiwa kitupu, kwa taya pana na misuli ya kutafuna iliyo wazi, na mistari ya poligoni izunguke kinywa kama duara ili midomo ifunguke bila kukunjana vibaya. Mfumo wa kuainisha miondoko ya uso uliochapishwa na Ekman na Friesen mwaka 1978 hutumika sana kupanga mionekano hiyo. Tatizo la Thor ni kwamba nusu ya chini ya uso, ambako mionekano mingi hutokea, imefunikwa. Kinachobaki kwa mtazamaji ni nyusi, mashavu, na mwendo wa ndevu zenyewe. Kwa hiyo ndevu zifungwe kwenye ngozi inayosogea, si kwenye fuvu lisilosogea, na sehemu iliyo chini ya kidevu ipewe mnyororo wa mifupa ya kidijitali utakaoruhusu mtikiso unaosimuliwa katika Thrymskvida.

Rangi nyekundu nayo si suala la kupaka. Utafiti wa Marschner na wenzake wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mwanga hupita katika unywele kwa njia tatu kuu: sehemu hurudi kutoka juu ya uso wake bila kubadilika rangi, sehemu hupenya na kutokea upande wa pili, na sehemu hupenya, ikagonga ukuta wa ndani, kisha ikarudi. Magamba ya unywele yamelaliana kama makuti ya paa, hivyo mng'ao wa kwanza na wa tatu havikai mahali pamoja. Wekundu umo katika njia mbili za mwisho. Ndevu zilizopakwa nyekundu juu tu hufanana na sufi; zilizowekewa kiasi sahihi cha melanini na wekundu wake, kama Blender inavyoruhusu, huwaka zinapopigwa na mwanga kutoka nyuma.

Jaribio linalofaa zaidi ni lile la Raud. Mhusika afungue kinywa na kupuliza: masharubu yainuke kwanza, nywele za chini ya mdomo zifuate, na ncha zichelewe kidogo. Zikiinuka zote kwa pamoja, ndevu ni kinyago. Na pale uwezo wa kompyuta unapokuwa mdogo, nakshi za mkanda na glavu za chuma zipunguzwe kabla ya mifupa ya ndevu kuguswa.