Mbwa Aliyenyamazishwa

Wazee wetu wa pwani walisema, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Ni onyo kwa mtu asijivunjie heshima kwa kuzoeana na asiyefaa. Lakini leo, msomaji wangu, nataka kumzungumzia mbwa mwenyewe, si mfano wa mbwa. Maana huyu tunayemtenga kwa unajisi wa mate yake ndiye huyo huyo tunayemlaza mlangoni atulindie mali. Kisha akiuma, twashangaa kana kwamba jiwe limeota meno.

Nami nilikuwa miongoni mwa wenye kushangaa. Kwenye shamba letu la minazi huko Mtwapa nilimfuga mbwa kwa ajili ya wezi wa nazi na ngedere. Hilo si kosa. Dini yetu imeruhusu mbwa wa mifugo, wa mimea na wa kuwinda. Nikamfunga kwa mnyororo mfupi chini ya mwembe, usiku na mchana, nikaona kazi imekwisha. Siku moja mjukuu wangu wa miaka saba alimkaribia mbwa alipokuwa akila. Mbwa akanguruma. Nikamchapa bakora. Kila aliponguruma, bakora. Hatimaye akanyamaza kabisa, nami nikajisifu kwamba nimemtia adabu.

Ijumaa moja, baada ya swala, mtoto yule aliinama kuokota embe karibu na chakula cha mbwa. Hatukusikia mngurumo wala kubweka. Tulisikia ukelele wa mtoto tu, na mkono wake ulikuwa ukichuruzika damu.

Bibi yake alitaka kumbandika tumbaku kwenye kidonda. Namshukuru Mungu kwamba binti yangu alimzuia, akakiosha kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha tukamkimbiza hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo. Na kila aliyeumwa yafaa afanyiwe vivyo hivyo. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, na dalili zake zikishamwanza mtu, kupona ni nadra mno. Lakini chanjo ikiwahi, huokoa. Hili lajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu kwa chanjo, huko Paris, mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Kaka yangu mkubwa alikata shauri: mbwa auawe. Daktari wa mifugo akatuomba tumfungie na kumtazama kwa siku kumi, kwani mbwa aliyekuwa na kichaa cha kuambukiza wakati wa kuuma huonyesha dalili kabla ya siku hizo kwisha. Mbwa alibaki mzima. Daktari akaniuliza jinsi nilivyomlea. Nikamweleza, pamoja na habari za bakora.

"Mzee wangu," akasema, "mbwa hana maneno. Kunguruma ndiko kusema kwake: nimeogopa, usinisogelee. Wewe ulimpiga kwa kusema. Hofu ilibaki pale pale; kilichoondoka ni onyo."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi maisha yangu yote nimekula kwa ulimi na kalamu, na hapo nilikuwa nimemnyang'anya kiumbe ulimi wake, nikamwachia meno.

Daktari akanifundisha kumsoma. Kabla ya kuuma, mbwa hukakamaa mwili, hulaza masikio nyuma, hujilamba midomo, hupiga miayo asiyo na usingizi, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Hata mkia kutikisika si furaha siku zote. Na sababu za kuuma ni nyingi: hofu, maumivu, kulinda chakula au watoto wake, kuchokozwa na kufungwa asipate pa kukimbilia. Kwa hiyo mbwa mpole akibadilika ghafula, kwanza atazamwe kama ana jeraha au maradhi.

Tukazungushia sehemu ya shamba ua, tukamfungua mnyororo. Akawa anakula peke yake, watoto wakikatazwa kumsogelea. Kisha mimi nikawa napita kwa mbali, nikimtupia kipande cha nyama angali ametulia, na kila baada ya siku kadhaa nikikaribia hatua moja. Akikakamaa, narudi nyuma. Bakora nikaitupa. Na akachanjwa dhidi ya kichaa, chanjo ambayo hurudiwa kwa wakati wake.

Haikuwa kazi ya siku moja, wala ya mwezi mmoja. Lakini katika Surat Al-Maida, aya ya 4, wametajwa wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Basi mbwa hufundishika, na mwenye kufundisha sharti awe na subira. Mate yake tutayaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyoagizwa. Lakini unajisi haukutupa ruhusa ya kumdhulumu. Tumesikia tangu chuoni habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa khofu yake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Jioni moja mjukuu wangu alikimbilia mpira hadi karibu na ua. Kutoka ndani nikasikia mngurumo, wa kwanza tangu siku zile za bakora. Sikukasirika. Nilimwambia mtoto, "Rudi nyuma, babu. Mwenzako amesema."

Akarudi. Na mbwa akalala.