Umepigwa kalamu? Usikimbilie kununua ng'ombe

KATIKA mji wowote uliokua kwa sababu ya kiwanda, wauza mboga wa langoni hujua kwamba watu watapunguzwa kazi kabla ya wenye kazi kujua. Mshahara ukichelewa, daftari la deni dukani hujaa. Muuza samaki hurudi nyumbani na karai likiwa nusu. Barua yenyewe huja mwisho.

Mumias ni mfano ambao wakulima wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kukumbushwa. Kiwanda cha sukari cha mji huo kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, kikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 2001, na wakati mmoja kilikuwa kikitoa zaidi ya nusu ya sukari yote iliyotengenezwa nchini. Kilizalisha hadi umeme kutokana na makapi ya miwa. Mwezi Septemba 2019 kikawekwa mikononi mwa mrasimu, na wakati huo tayari wafanyakazi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi.

Mengi yameandikwa kuhusu madeni ya kampuni za sukari na kuhusu miwa iliyokauka mashambani. Ni machache yaliyoandikwa kuhusu yule fundi wa boila aliyeijua mashine yake kwa mlio, akaweza kusema kuna valvu imelegea kabla mizani ya presha haijaonyesha. Mtu wa aina hiyo hakuwa akingojea mwisho wa mwezi tu. Aliipenda kazi. Siku alipoambiwa asirudi alipoteza vitu viwili kwa mpigo, na ugumu wote wa miezi inayofuata hutokana na kuvichanganya.

Cha kwanza ni mshahara. Huo una hesabu yake, nao unaweza kuzibwa kidogo kidogo. Cha pili ni jina. Jana alikuwa Injinia, au Bwana Shamba, au Mama Maabara. Leo ni fulani anayekaa nyumbani. Wapo wanaoendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, wakavaa na kutoka, kwa sababu hawawezi kustahimili jirani awaulize, "Leo huendi kazini?" Wapo wanaomficha mke au mume kwa wiki kadhaa, wakikopa ili siku ya mshahara ionekane imefika kama kawaida.

Hapo ndipo kiinua mgongo huingia hatarini. Mtu aliyepoteza jina hutafuta jingine upesi, na pesa zipo mkononi. Ndani ya mwezi mmoja anakuwa "mfugaji" au "mwenye duka". Banda linajengwa kwa mawe na mabati mapya, ng'ombe wa gredi ananunuliwa, na picha inatumwa kwa waliokuwa wenzake kazini. Ukitazama vizuri, sehemu kubwa ya pesa hiyo imenunua heshima, si biashara.

Kenya imeliona jambo hili mara nyingi. Lilionekana miaka ya 1990, watumishi wa umma walipostaafishwa mapema kwa malipo ya mkupuo, likaonekana tena serikali ilipopunguza wafanyakazi mwaka wa 2000. Wengi walinunua matatu bila kujua gharama ya matairi. Mwaka wa 2013 na 2014 ilikuja zamu ya kware. Watu walifuga ndege hao kwa maelfu kwa kuwa mayai yake yalisemekana kutibu kila kitu na yaliuzwa ghali kuliko ya kuku. Kabla mwaka wa 2014 kwisha wafugaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi, bei ikaanguka, na vizimba vikabaki vitupu. Aliyeingia kwa pesa za ziada alipata hasara. Aliyeingia kwa kiinua mgongo alipoteza karo ya watoto.

Hesabu ya miezi

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 40, inasema anayeachishwa kazi kwa sababu kazi yenyewe imeondolewa alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Apewe pia notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, na likizo ambayo hakuichukua ilipwe kwa pesa taslimu. Chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenyewe, pamoja na afisa wa leba, wajulishwe kwa maandishi. Katika kuchagua nani aende, mwajiri anatakiwa kutazama muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Hawezi kuchagua tu wale asiowapenda.

Tuseme fundi alikuwa akipata Sh30,000 kwa mwezi na ametumikia miaka 12. Siku 15 ni kama nusu ya mshahara, yaani Sh15,000. Mara 12 ni Sh180,000. Ongeza mwezi wa notisi, zinafika Sh210,000. Ni pesa nyingi kuliko alizowahi kushika kwa siku moja, na ndiyo maana zinadanganya macho. Kama nyumba yake inatumia Sh20,000 kwa mwezi kwa chakula, kodi na karo, pesa hizo ni miezi kumi na nusu ya maisha. Hazizidi hapo. Kila shilingi anayoiweka bandani inapunguza siku hizo.

Sasa aweke miezi hiyo kumi kando ya kalenda ya shamba. Mahindi ya Trans Nzoia au Uasin Gishu hupandwa Machi na Aprili na kuvunwa Oktoba na Novemba, kwa hivyo aliyeachishwa kazi mwezi Juni atangoja zaidi ya mwaka kabla ya kuuza gunia lake la kwanza. Miwa mipya huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Parachichi aina ya Hass huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Sukumawiki huanza kuchumwa wiki sita hadi nane baada ya miche kuhamishwa, na kuku wa nyama huwa tayari kwa wiki tano au sita, lakini hapo kila mtu amejaa na soko lina wenyewe.

Ng'ombe ndiye anayewaponza wengi kwa sababu maziwa huonekana kama mshahara: yanatoka kila siku. Wanachosahau ni kwamba ng'ombe naye hulipwa kila siku. Mmoja wa gredi anayefugwa bandani anahitaji takriban ekari moja ya nepia iliyotunzwa vizuri, na nepia hiyo inachukua miezi mitatu au zaidi tangu kupandwa hadi kukatwa mara ya kwanza. Anayenunua ng'ombe kabla ya kupanda majani hununua nyasi kwa jirani, na jirani anajua kwamba mnunuzi huyo hana njia nyingine. Kisha kuna ile miezi miwili kabla ya kuzaa ambapo ng'ombe hukaushwa asikamuliwe, ilhali anaendelea kula na kunywa. Ndama jike naye, hata akilelewa vizuri, huchukua kama miaka miwili na zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Haya yote si sababu ya kutofuga. Ni sababu ya kupanda majani mwaka huu na kununua ng'ombe mwakani.

Kinachoweza kuuzwa kesho asubuhi

Aliyeipenda kazi yake ana mali moja ambayo mrasimu hawezi kuipiga mnada. Ajabu ni kwamba ndiyo mali ambayo wengi huitupa kwanza. Mtu mwenye miaka 20 ya kuchomelea mabomba ya mvuke huanza kuuza nyanya, jambo asilolijua, akishindana na akina mama waliolifanya tangu utotoni. Wakati huohuo, mkulima wa kijiji cha pili anabeba pampu yake ya maji kwa bodaboda hadi mjini kutafuta wa kuirekebisha.

Kiwanda cha sukari ni shule kubwa ya ufundi. Kuna waliopima utamu wa miwa maabarani, nao wanaweza kumwambia mkulima lini shamba lake limeiva na lini akikata atapoteza uzito. Watu hao wanatafutwa hata na wenye viwanda vidogo vya sukari guru, ambavyo viko vingi magharibi mwa nchi na ambavyo hupoteza kuni na juisi nyingi kwa tanuri zilizojengwa ovyo. Kuna madereva wa trekta wanaojua kupima kina cha plau kwa jicho. Kuna maafisa wa nyanjani waliozunguka kwa wakulima miaka na miaka, wanaojua shamba lipi lina udongo wa chumvi na familia ipi hulipa deni. Hata karani wa mizani ana lake: vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima hulalamika kila msimu kuhusu uzito, na ni wachache wanaojua jinsi mzani unavyochezewa.

Kazi za aina hii hazitafikia mshahara wa zamani mara moja. Pengine mwezi wa kwanza zitaleta Sh4,000 na wa pili Sh7,000. Lakini tazama zinavyofanya kwenye ile hesabu ya juu. Nyumba inayotumia Sh20,000 na kuingiza Sh7,000 inachota Sh13,000 tu, na zile Sh210,000 zinakuwa miezi 16 badala ya kumi. Miezi hiyo sita ya ziada inatosha kupanda nepia na kuikata, au kuvuna msimu mmoja wa mahindi na kujua kama shamba linalipa kweli.

Kuna faida nyingine isiyoingia katika daftari. Fundi anayeitwa kijijini kurekebisha pampu anaitwa Fundi. Jina limerudi, na hakulazimika kununua ng'ombe ili alipate.

Huzuni yenyewe haiondoki kwa sababu mtu amepata kibarua, na si haki kumwambia aliyelia kwamba hiyo ilikuwa kazi tu. Watu walizikana kupitia kiwanda, wakaoana humo, wakacheza mpira kwa jezi zake. Linalosaidia ni kuwaambia wa nyumbani wiki hiyohiyo, watoto wakubwa wakiwemo, kwa sababu wao ndio watakaosikia kwanza shuleni. Kukutana na wenzake wa zamani kunasaidia pia, mradi wasikutane kila siku mahali pa pombe kuisimulia kampuni iliyokufa. Waliofanya chama, wakachangia kidogo kila mwezi na kutoa zabuni pamoja, angalau wana ajenda ya mkutano. Na asiyelala wiki kwa wiki, au anayesema maisha hayana maana, apelekwe kituo cha afya kama anavyopelekwa mwenye malaria.

Kabla ya siku ya mwisho kuna ofisi za kupitia. Ya kwanza ni ya Sacco. Mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara haufi pamoja na mshahara. Usipopanga upya jinsi ya kuulipa, wadhamini wako ndio watakatwa, nao ni walewale utakaowahitaji kesho. Ya pili ni bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na makato ya asilimia 2.75 hukoma pale malipo ya mshahara yanapokoma. Ni lazima mwenyewe ajiandikishe upya kama asiye na mshahara, apimwe uwezo wake na kulipa mchango wa mwaka, la sivyo atagundua mlangoni mwa hospitali. Achukue pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kisheria kukitoa. Kwa fundi, karatasi hiyo ni mtaji.

Aliyepunjwa malipo asingoje hasira ipoe. Malalamiko kwa afisa wa leba kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa ndani ya miezi mitatu, na kesi katika mahakama ya ajira na leba ndani ya miaka mitatu. Muda ukipita, hata mwenye haki hufungiwa mlango.

Wafanyabiashara wadogo nao wana la kufanya. Mwenye duka aliyekuwa akikopesha kwa kutegemea siku ya mshahara akae na wateja wake mapema, kila mmoja na deni lake, wakubaliane kiasi kidogo cha kila wiki. Anayengoja kiinua mgongo kilipwe ili adai chote atakuta kwamba Sacco na benki zimemtangulia, na mteja ameanza kupita njia ya nyuma.

Linabaki suala la kurudi. Kiwanda cha Mumias kilikodishwa kwa mwekezaji kutoka Uganda mwishoni mwa 2021, na kesi zikafuatana kortini. Milango ya namna hiyo ikifunguliwa, wito wa kwanza mara nyingi huwa wa vibarua, kwa mkataba wa miezi michache. Mwenye kuipenda kazi yake atataka kukimbia usiku huohuo. Aende na swali moja mfukoni: wateja wa pampu aliowapata kwa miezi 16 atawaachia nani, na mkataba ukiisha mwezi wa tatu, watakuwa bado wanamngoja?