Asubuhi Mbili Kabla ya Sindano

Shemeji yangu alinionyesha karatasi ya maabara akiwa ameikunja mara nne, kama mtu anayeficha barua ya madeni. Testosteroni 248, chini ya kiwango. Pale pale kliniki walimwambia aanze sindano wiki hiyo hiyo, tena wakampa nafuu ya bei iwapo angelipia miezi sita kwa mkupuo. Ana miaka 44. Amechoka, hamu ya tendo la ndoa imepungua, kitambi kimekua. Swali lake lilikuwa moja: "Shemeji, nilipe?"

Nikamuuliza damu ilitolewa saa ngapi. Saa kumi jioni. Alikuwa amekula? Ndiyo, ubwabwa na maharage, saa nane. Na wiki ya nyuma yake? Alikuwa kitandani na malaria.

Kwa majibu hayo matatu, ile 248 haikuwa na thamani ya kumfungulia mtu pochi. Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa usingizini, hufikia kilele asubuhi, kisha huteremka kadiri mchana unavyosonga. Chakula huishusha. Ugonjwa mkali huishusha. Kukosa usingizi nako huishusha: katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2011, vijana 10 wenye afya njema walilala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na homoni yao ya mchana ikapungua kwa asilimia 10 hadi 15. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa homoni inataka damu itolewe asubuhi kabla ya kula, na kipimo kirudiwe asubuhi nyingine kabla mtu hajaambiwa ana upungufu. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wameweka mpaka kwenye 300. Wenzao wa Ulaya wanautaja ulio juu kidogo, karibu 346. Namba pekee haitoshi hata hapo. Lazima kuwe na dalili pia.

Kabla hujaogopa, tazama kizio. Maabara moja huandika 300, nyingine 3.0, ya tatu 10.4, na zote zinasema jambo lile lile: nanogramu kwa desilita, nanogramu kwa mililita, nanomoli kwa lita. Nimekutana na mwanaume aliyekosa usingizi kwa sababu ya nukta.

Sasa tupige hesabu. Bei hutofautiana kati ya maabara na maabara, kwa hiyo nitahesabu vitu, wewe uvipe bei za mtaani kwako.

Sindano ya kawaida, enantheti ya miligramu 250, huchomwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Hiyo ni mara 17 hadi 26 kwa mwaka. Chukua bei ya ampuli moja, ongeza ya kuchomwa na nauli, zidisha kwa 26. Undekanoeti ya miligramu 1000 ni ghali zaidi kwa sindano moja, lakini ukishazoea huchomwa kila wiki 10 hadi 14, yaani mara nne au tano kwa mwaka. Anayeishi mbali na hospitali ailinganishe hiyo kwanza. Jeli hupakwa kila siku na huweza kuhamia kwenye ngozi ya mke au mtoto. Kwa nyumba ambayo watoto hulala kifuani kwa baba yao, mimi nisingechagua jeli.

Kisha kuna gharama ambayo kliniki ile haikuitaja kabisa: anayetumia tiba hii hupimwa damu yake miezi michache baada ya kuanza, halafu kila mwaka, kwa sababu dawa huifanya damu kuwa nzito. Hematokriti, kipimo cha uzito huo, ikipita asilimia 54, tiba husimamishwa. Tezi dume nayo hufuatiliwa.

Njia ya pili, badala ya kuanza tiba moja kwa moja, ni asubuhi mbili za kupima testosteroni peke yake. Usinunue kifurushi kizima cha homoni siku ya kwanza. Asubuhi zikitoka vizuri, vingine huvihitaji. Zikitoka chini zote mbili, hapo ndipo fedha iende kwenye LH, na kama ningeweza kulipia kipimo kimoja tu cha nyongeza ningechagua hicho. LH ni amri inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Amri ikiwa juu na testosteroni chini, korodani ndizo zilizoshindwa. Amri ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, na daktari atatafuta prolaktini iliyozidi, dawa kali za maumivu, uzito mkubwa, au steroidi za gym. Kwa mwenye kitambi, SHBG pia inafaa: protini hiyo inayobeba homoni hupungua kwa unene, na jumla ikaonekana ndogo ilhali sehemu huru inatosha.

Wapo wanaoihitaji kweli. Aliyezaliwa na hali ya Klinefelter, aliyeondolewa korodani, aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ile ya ubongoni: hao nawasihi wasibane matumizi, maana mifupa na damu yao vinaitegemea.

Jambo lililoniumiza ni hili. Dada yangu na mumewe wanatafuta mtoto wa pili. Testosteroni ya kutoka nje huzima LH, na mbegu hupungua, wakati mwingine huisha kabisa. Kurejea kwake huchukua miezi, na kwa baadhi zaidi ya mwaka. Hakuna aliyemuuliza kama bado anataka watoto.

Alisubiri mwezi mmoja, akaenda saa moja na nusu asubuhi, bila chai. 361. Wiki iliyofuata, 374. Asubuhi ile ya pili nilimwomba aongeze kipimo cha sukari cha HbA1c, kwa sababu ya kitambi na uchovu. Kilitoka 7.2. Kilirudiwa, kikathibitisha kisukari, ambacho peke yake huweza kuleta uchovu na kudhoofisha nguvu za kiume. Sasa anameza metformini, na asubuhi hutembea kwa miguu kutoka Ilala hadi dukani kwake Kariakoo.