Mtutu mpya, magazini ya zamani: kitu cha bei ndogo kinachokwamisha bunduki

WAKULIMA wa mahindi, karanga na mpunga katika jimbo la Texas, Marekani, wana adui ambaye wakulima wengi hapa kwetu hawahitaji kuelezwa habari zake: nguruwe wa mwituni. Kundi huingia shambani usiku baada ya kupanda, likafuata mstari na kufukua mbegu moja baada ya nyingine. Asubuhi mwenye shamba hukuta mistari mitupu. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo imewahi kukadiria hasara ya wanyama hao kwa nchi nzima kuwa takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka, na tangu mwaka 2019 anayewawinda Texas katika ardhi ya mtu binafsi, kwa idhini ya mwenye ardhi, hahitaji leseni ya uwindaji.

Bunduki inayotumiwa na wengi katika kazi hiyo ni AR-15, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Risasi yake ya kawaida ni .223, ambayo kichwa chake kina upana wa milimita 5.7 tu. Ni risasi ya kasi na ya bei nafuu, lakini kwa nguruwe dume mwenye ngozi nene mabegani wengi huiona ndogo. Hata kwa paa na kulungu, baadhi ya majimbo, kama Virginia, hayaruhusu risasi ya upana huo.

Hapo ndipo biashara ilipopata mwanya. AR-15 hufunguka vipande viwili, hivyo mkulima anaweza kununua sehemu ya juu yenye mtutu wa risasi nyingine, akaipachika juu ya ile ya chini aliyonayo. Kwa maelezo ya wauzaji, anapata bunduki mbili kwa bei ya moja na nusu. Tatizo ni kwamba sehemu ya chini ndiyo yenye tundu la magazini, na tundu hilo lilichongwa kwa ajili ya risasi ya .223 peke yake.

Magazini huonekana kama kasha tu, lakini ina kazi nzito. Ndani kuna springi na kibao kinachosukuma risasi juu. Midomo yake miwili huishika risasi ya juu kabisa kwa pembe maalumu mpaka komeo la bunduki lipite, liisukume na kuiingiza chemba. Midomo ikiwa mipana kidogo, risasi huruka kabla ya wakati. Ikibana, risasi hukwama. Kibao kikilala upande mmoja, risasi huelekeza pua chini na kugonga ukingo wa mtutu. Mnunuzi aliyetumia mamia ya dola kwa mtutu na darubini hujikuta gizani na bunduki iliyokwama, kwa sababu ya kitu ambacho kwa kawaida huuzwa kati ya dola 10 na 20.

Zinazokubali na zinazokataa

Risasi inayokubaliana vizuri na magazini ya .223 ni .300 Blackout, iliyoidhinishwa rasmi na chama cha viwanda vya silaha Marekani Januari 2011. Waliyoitengeneza walianzia kwenye magazini. Walichukua ganda lile lile la .223, wakalifupisha na kupanua mdomo wake ili ushike kichwa cha milimita 7.8. Tako la ganda halikubadilika, kwa hiyo komeo ni lile lile na magazini ni ile ile, tena hubeba idadi ile ile. Kinachobadilishwa ni mtutu tu.

Kwa risasi ya 6.5 Grendel, iliyotoka mwaka 2003, mambo ni tofauti. Hiyo hupiga mbali zaidi, lakini tako lake lina upana wa milimita 11.2, wakati la .223 ni 9.6. Komeo lazima libadilishwe, na kwa kuwa huchimbwa zaidi ili kupokea tako kubwa, chuma kinachobaki ni chembamba. Magazini nayo ni yake peke yake. Anayejaribu kutumia ile ya zamani anaweza kufyatua risasi mbili tatu, akadhani mambo ni shwari, kisha ya nne ikakwama. Risasi ya 6.8 SPC nayo inadai magazini yake.

Iliyowaumiza wengi kichwa ni 7.62x39, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kwa bunduki yake ya AK-47. Kwa miaka mingi ilipendwa Marekani kwa sababu iliyotoka Urusi ilikuwa rahisi kwa bei, hadi serikali ya Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuiagiza mwaka 2021. Ganda lake ni nene chini na jembamba juu, na ukiyapanga mengi hujipinda kama ndizi. Ndiyo maana magazini ya AK imepinda tangu juu. Tundu la AR-15 limenyooka, kwa hiyo magazini ya kulitosha hulazimika kwenda wima kwanza, kisha kukata kona ghafla, na risasi hukwamia pale konani. Kampuni ya CMMG iliamua mwaka 2014 kuacha kubishana na umbo hilo: ilitengeneza bunduki ya mtindo wa AR inayopokea magazini za AK zenyewe.

Ajabu ni kwamba risasi nene kuliko zote hizo, .458 SOCOM, haina ugomvi na magazini ya kawaida. Unene wake huifanya ipangike katika safu moja badala ya mbili. Kasha la risasi 30 hubeba kama 10 hivi, na kwa nguruwe hizo zinatosha.

Hatari ya kukubaliana mno

Mteja akisikia yote hayo ataona .300 Blackout ndiyo jibu. Kwa kuingia bila kukwama, ni kweli. Lakini magazini isiyobagua risasi haimwonyi mtu. Mkulima mwenye mitutu miwili ana magazini zinazofanana kabisa, moja ina .223, nyingine .300 Blackout, zote ndani ya mfuko mmoja, na kazi ni ya usiku.

Akiweka .223 katika mtutu wa Blackout, haiingii kwa sababu ganda ni refu mno. Bunduki hukataa, basi. Akikosea upande wa pili, risasi ya Blackout inaweza kusukumwa hadi ndani ya chemba ya .223, kichwa kikarudi nyuma ndani ya ganda, na komeo likafunga sawasawa. Akivuta kilimi, kichwa cha milimita 7.8 hulazimishwa kupita kwenye tundu la milimita 5.7. Hakipiti. Gesi hutafuta njia nyingine na bunduki hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Ajali za aina hiyo zimetokea mara nyingi, hata kwa watu wazoefu.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wauzaji humshauri mnunuzi asibebe risasi za aina zote mbili katika safari moja. Wengine hufunga utepe wa rangi kwenye magazini na kwenye mtutu wake. Kampuni ya Magpul ilitoa magazini ya plastiki kwa ajili ya Blackout peke yake, yenye nafasi zaidi ndani kwa vichwa vinene na matuta ya nje yanayotambulika kwa kidole gizani. Hata hivyo, nayo huingia kwenye tundu la kila AR-15, kwa hiyo mwenye bunduki bado analazimika kusoma maandishi ya mtutu kabla ya kuipachika.