Je, Wajua? Lahajedwali Huweza Kuanzia Kwenye Jibu

Wengi tunalijua lahajedwali, liwe Excel au LibreOffice Calc, kwa kazi moja: unajaza namba, unaandika fomula, jibu linatokea. Lakini ndani yake mna kifaa kinachokwenda kinyumenyume. Unakipa jibu unalolitaka, nacho kinakutafutia namba itakayolileta. Kinaitwa Goal Seek, na kinataka kujua mambo matatu tu: seli ipi ina fomula, jibu liwe ngapi, na seli ipi ibadilishwe.

Faida yake huonekana vizuri kwenye mikopo. Tuseme mkopeshaji anatangaza riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Unakopa shilingi 1,000,000 na kurejesha 1,200,000 kwa miezi 12, yaani 100,000 kila mwezi. Hesabu inaonekana imenyooka. Ila riba hiyo imepigwa juu ya milioni nzima, ilhali deni linapungua kila mwezi. Hata mwezi wa mwisho bado unalipia riba ya fedha ulizokwisha kuzirudisha. Basi riba halisi, ikipigwa juu ya deni linalobaki tu, ni ngapi?

Kihisabati, hakuna njia ya kulipata jibu hilo kwa hatua moja. Sharti libahatishwe na kusahihishwa. Andika mkopo kwenye seli B1, idadi ya miezi B2, na riba yoyote ya mwezi B3. Kwenye B4 andika =PMT(B3,B2,-B1), fomula inayotoa rejesho la kila mwezi. Ukianza na riba ya asilimia 2, rejesho ni 94,560: halijafika. Kwa asilimia 3, ni 100,462: limepita. Sasa iambie Goal Seek kwamba B4 iwe 100000 kwa kubadilisha B3. Papo hapo inaleta asilimia 2.92 kwa mwezi, ambayo ni takriban 35 kwa mwaka. Ile 20 ya kwenye tangazo ilikuwa imeficha mengi.

Kompyuta haikujua jibu hilo tangu mwanzo. Ilijaribu namba, ikapima imekosea kwa kiasi gani, ikatumia kosa lenyewe kuchagua namba inayofuata. Excel, isipopangwa vingine, hurudia hivyo hadi mara 100, au mpaka ilikaribie lengo kwa tofauti isiyozidi 0.001.

Lahajedwali la kwanza kwa kompyuta binafsi, VisiCalc la Dan Bricklin na Bob Frankston, lilitoka Marekani mwaka 1979. Lakini kubahatisha kwa mpango kulianza zamani sana, na kulifanyika hapa Afrika. Katika mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa Misri na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 KK, kuna swali hili: kiasi gani, kikiongezwa sehemu yake ya saba, huwa 19? Mtatuzi anajaribu 7 na kupata 8. Kisha anatafuta 8 izidishwe kwa ngapi ili iwe 19, na kuizidisha 7 kwa kiasi hichohicho. Jibu ni 16 na sehemu tano za nane.

Kifaa cha Goal Seek kina mipaka. Hubadilisha seli moja tu. Zikiwa nyingi, tumia kifaa kingine, Solver. Swali likiwa na majibu mawili, mara nyingi huleta lililo karibu na namba uliyoanzia, kwa hiyo jaribu kuanzia sehemu tofauti. Tena huandika juu ya namba ya zamani, basi ihifadhi kwanza.

Katika Excel, nenda kwenye Data, kisha What-If Analysis, uchague Goal Seek. Katika Calc, imo kwenye Tools. Fanya hesabu hiyo ya riba kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo, na uliza kila mkopeshaji swali lilelile: nitarejesha kiasi gani, kwa miezi mingapi? Namba hizo mbili, pamoja na fedha utakazopokea mkononi, zinatosha kukuonyesha bei ya kweli ya deni lako.