Jengo Lisilojitukuza

Nyumba ya umma hujengwa ili iwafae watu, si ili istaajabiwe. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini wajenzi wengi hulisahau mara wapewapo fedha na kiwanja kizuri. Kwa hiyo leo twapenda kulitazama jengo moja lililoko katika jimbo la Kansas, nchini Marekani.

Zamani katikati ya Marekani ulienea uwanda wa majani marefu wa ekari zipatazo milioni 170. Siku hizi hazikusalia hata sehemu 4 katika kila 100. Nyingine zote zililimwa. Sehemu kubwa ya uwanda uliosalia iko katika vilima vya Flint Hills, ambako udongo ni haba, na mawe ya chokaa na ya gumegume yaliishinda plau. Mwaka 1996 kiasi cha ekari 11,000 za vilima hivyo zilifanywa hifadhi ya taifa.

Mahali kama hapo hapana msitu wa kuficha kosa la mjenzi. Paa likiinuka, laonekana toka mbali na kuharibu kile ambacho wageni wamekuja kukitazama. Basi jengo la kupokelea wageni, lililofunguliwa mwaka 2012, liliwekwa chini, likajiegemeza kilimani. Kuta zake ni za mawe ya chokaa, kama zilivyo kuta za nyumba ya mfugaji Stephen Jones, iliyojengwa mwaka 1881 na ingali imesimama karibu yake. Juu ya paa pameoteshwa majani; udongo wake hupunguza joto la jua na hunywa maji ya mvua.

Twawasifu waliofanya hivyo. Hata hivyo, majani ya uwandani huteremsha mizizi hata futi 10, na hakuna paa lenye kina hicho. Jengo laweza kufanana na nchi, lakini haliwezi kushika mahali pake.

Tena, kufanana na nchi hakutoshi. Watu wa kabila la Kansa, ambao jimbo lina jina lao, walikaa katika vilima hivyo mpaka mwaka 1873, walipohamishwa na kupelekwa kusini, katika nchi iitwayo leo Oklahoma. Mgeni anayeonyeshwa majani bila ya kuambiwa habari za watu hao ameonyeshwa nusu tu ya nchi.

Kuta za jengo kama hili hazina budi kuinama. Lakini habari zinazosimuliwa ndani yake sharti zisimame wima.